Kwa nini taa ya sola hunywea TV ikiwashwa?

Jua limewaka kutwa nzima na betri imejaa, lakini ukiwasha TV tu, taa ya chumba cha mwisho inanywea. Ukiizima, taa inang'aa tena. Wengi huilaumu betri, na wapo walionunua mpya wakakuta hali ni ile ile. Mara nyingi shida iko kwenye waya.

Umeme wa betri ni wa DC, yaani huenda upande mmoja tu: hutoka kwenye chanya, hupita swichi na taa, kisha hurudi kwenye hasi. Njia ikikatika popote, hakuna kinachowaka. Volti ndizo zinazousukuma mkondo, ampea ni wingi wa mkondo wenyewe. Na waya nao hutoza ushuru, kwa kuwa hata shaba safi ina ukinzani, yaani huzuia mkondo kidogo. Ukinzani hupimwa kwa omu, kipimo kilichopewa jina la Mjerumani Georg Simon Ohm, aliyechapisha kanuni yake mwaka 1827. Zidisha ampea kwa omu, utapata volti zinazopotea njiani.

Tupige hesabu. Betri iko stoo, TV na taa ziko mita 20 kutoka hapo, zote kwenye waya mmoja wa shaba wa 1.5, yaani wenye unene wa milimita za mraba 1.5. Umeme huenda mita 20 na kurudi mita 20, jambo ambalo watu husahau, hivyo waya ni mita 40 na ukinzani wake ni karibu omu 0.46. Taa ya wati 5 peke yake huvuta ampea 0.4 hivi, na kinachopotea ni volti 0.2 tu. TV ya wati 36 kwenye volti 12 huvuta ampea 3, na hizo peke yake hula volti 1.4. Taa iliyozoea karibu volti 12 inabaki na kama 10.5. Ni sawa na bomba jembamba lenye koki mbili: ukifungua moja kwa nguvu, ya pili inadondosha tu.

Hapa ndipo mafundi waliozoea umeme wa gridi huteleza. Kwenye volti 230, TV hiyo hiyo huvuta ampea 0.16 tu, na waya ule ule hupoteza chini ya volti 0.1. Waya unaofaa kabisa huko unakuwa mwembamba mno kwenye sola. Mvumbuzi Mmarekani Thomas Edison aliuonja ugumu huu mwaka 1882 alipofungua kituo cha kuzalisha umeme cha Pearl Street, New York: umeme wake wa DC wa volti 110 hivi uliweza kuhudumia wateja wa mitaa ya karibu tu.

Kabla ya kununua betri nyingine, azima multimita, kifaa cha kupimia volti. TV ikiwa inawaka, pima volti kwenye vichwa vya betri, kisha pima pale kwenye taa. Tofauti ikizidi volti moja, kagua kwanza viungo vilivyosokotwa na kufungwa tepu, maana kiungo kilicholegea huongeza ukinzani na huweza kupata moto. Viungo vikiwa salama, weka waya wa 4, ambao utapunguza upotevu hadi karibu volti 0.5. Au, kwa gharama ndogo zaidi, ipe taa waya wake yenyewe kutoka kwenye betri; TV haitaigusa tena.