Drafti ya fantasi na marafiki: yanayoaminika na yaliyo kweli

Tuelewane kwanza: hii si drafti ya kete. Nazungumzia Fantasy Premier League, mchezo wa mtandaoni ambao timu yako inapata pointi kwa yale wachezaji halisi wanayoyafanya uwanjani, na ule mtindo wake ambao marafiki mnaunda ligi yenu, mnapangiwa zamu za kuchagua wachezaji, na kila mchezaji wa ligi kuu ya Uingereza anamilikiwa na mtu mmoja tu kati yenu. Rafiki yako akishamchukua mshambuliaji Haaland, wengine wote mmemkosa mpaka amwachie mwenyewe au akubali kubadilishana. Kila mtu anaondoka na wachezaji 15: makipa 2, mabeki 5, viungo 5 na washambuliaji 3.

Naupenda mchezo huu kuliko ule wa kawaida, na kila Agosti huwa naumia nikiona watu makini wakiharibu msimu mzima ndani ya saa moja kwa sababu ya mambo waliyoyaamini bila kuyapima.

Dhana: "Nimecheza fantasi ya kawaida miaka mingi, sina cha kujiandaa."

Ukweli: ujuzi huo unasaidia nusu tu. Kwenye fantasi ya kawaida una bajeti ya milioni 100 na una nahodha ambaye pointi zake huzidishwa mara mbili. Kwenye drafti hakuna bei na hakuna nahodha. Bao la Haaland ni pointi 4, basi. Bao la kiungo ni 5, la beki ni 6. Sisemi umwache; mtu aliyefunga mabao 36 msimu wa 2022/23, rekodi ya ligi hiyo kwa msimu mmoja, humwachi. Ila ule uzito anaoupata kwa kuvishwa kitambaa cha unahodha kila wiki haupo tena, na viungo wanaofunga sana wanamsogelea.

Kitu kingine kinachokufa ni yule mchezaji wa bei rahisi unayemweka benchi ili uokoe pesa. Hapa hakuna pesa ya kuokoa. Asiyecheza amekula nafasi yako bure.

Dhana: "Washambuliaji wana pointi chache kwa bao, nitawachukua mwisho."

Hapa ndipo drafti nyingi zinapopotea, kwa hiyo tufanye hesabu. Mkiwa watu 8, washambuliaji 24 watachukuliwa. Klabu ziko 20, na nyingi zinaanza na mshambuliaji mmoja wa kati. Tena baadhi ya wafungaji wakubwa wameandikishwa kwenye mchezo kama viungo: Salah ni kiungo, Saka ni kiungo, na Mbeumo aliyefunga mabao 20 akiwa Brentford msimu wa 2024/25 naye alikuwa kiungo. Ina maana washambuliaji wanaoanza kila wiki hawawatoshi watu 8. Lazima kuna atakayeishia na mtu anayeingia dakika ya 80.

Viungo ni kinyume chake. Mtachukua 40, lakini kila klabu inaanza na watatu, wanne au zaidi ambao mchezo unawahesabu kama viungo. Ukikosa huyu, yuko mwingine anayemkaribia.

Ndiyo maana swali la drafti si "nani bora aliyebaki?" Swali ni "zamu yangu ikirudi, nani atakuwa bado yupo?" Maandalizi yangu yote yanaanzia hapo. Naandika orodha nne, moja kwa kila nafasi, halafu kwenye kila orodha napiga mstari pale wanapoishia wachezaji wenye uhakika wa kuanza. Mstari ukikaribia, nachukua mmoja hata kama kwenye orodha nyingine kuna jina kubwa zaidi. Kwa washambuliaji natafuta wawili wa uhakika. Wa tatu anaweza kuwa wa kubahatisha, maana kikosi kinaruhusiwa kuanza na mshambuliaji mmoja tu.

Makipa wanataka subira ya kiasi. Tofauti kati yao kwa msimu ni ndogo kuliko tofauti kati ya washambuliaji, kwa hiyo sioni sababu ya kumkimbilia kipa raundi ya tatu. Lakini watu 8 wanashika makipa 16, na makipa wa kwanza wako 20. Ukisubiri mpaka mwisho kabisa, utaokota kati ya wachache waliobaki.

Dhana: "Aliyepata zamu ya kwanza ameshashinda."

Zamu huenda kwa mtindo wa nyoka: raundi ya kwanza inatoka wa 1 hadi wa 8, raundi ya pili inarudi kutoka wa 8 hadi wa 1. Kwa hiyo aliyeanza anachagua mchezaji wa 1 na wa 16. Wa mwisho anachagua wa 8 na wa 9, wawili papo hapo. Jumlisha: 17 na 17. Walio pembeni, yaani wa kwanza na wa mwisho, wana mtihani wao, kwamba wakishachagua wawili wanakaa kimya muda mrefu wakiangalia nafasi nzima ikifagiliwa. Ukipangiwa pembeni, chukua mapema kidogo unachokihitaji. Ukiwa katikati, unaweza kuvizia.

Dhana: "Nitafuata jedwali la pointi za msimu uliopita."

Jedwali linakwambia yaliyopita, na mengine hayajirudii. Salah alifikisha pointi 344 msimu wa 2024/25, nyingi kuliko mchezaji yeyote katika historia ya mchezo huu, na aliyemchukua msimu uliofuata akitegemea 344 nyingine alijipangia huzuni. Kabla ya drafti angalia dakika alizocheza mtu, nani anapiga penalti, na kocha amebadilika au la. Angalia pia kalenda: AFCON iliyoanza Morocco tarehe 21 Desemba 2025 iliwaondoa Salah na Mbeumo kwenye klabu zao, na kwenye drafti huwezi kwenda kununua mbadala wa hadhi hiyo. Ameshamilikiwa na mwenzako.

Timu zilizopanda daraja nazo ziangaliwe kwa macho mawili. Misimu ya 2023/24 na 2024/25, zote tatu zilizopanda zilishuka papo hapo, na mabeki wao hawakuwa na mechi nyingi za kumaliza bila kuruhusu bao. Hata hivyo tangu 2025/26 beki anayefikisha vitendo 10 vya ulinzi kwenye mechi, kama kuondosha mipira na kuzuia mashuti, anapata pointi 2 hata timu ikifungwa. Beki wa kati wa timu inayoshambuliwa muda wote sasa si wa kumdharau raundi za mwisho.

Dhana: "Mtandao ukikatika, mfumo utanichagulia."

Utakuchagulia, ndiyo, kwa kufuata orodha uliyoipanga mwenyewe kabla. Shida ni kwamba wengi wanapanga majina 20. Mkiwa 8, raundi tatu tu zinamaliza majina 24. Panga angalau 100.

Dhana: "Nachukua wa klabu yangu, nawajua." Unawajua, na marafiki zako wanajua unawataka. Watakunyang'anya mmoja kusudi, nawe utampandisha mwingine raundi mbili kabla ya wakati wake.

Dhana: "Drafti ikiisha, kazi imeisha."

Kila wiki wachezaji wasio na mwenyewe wanaombwa, na foleni ya maombi inaanza na aliye chini kwenye msimamo wa ligi yenu. Akipewa, anarudi nyuma ya foleni. Maombi yanafungwa saa 24 kabla ya muda wa mwisho wa kupanga kikosi, na baada ya hapo aliyebaki ni wa anayewahi.

Cole Palmer alihamia Chelsea tarehe 1 Septemba 2023, wakati drafti nyingi zimeshafanyika na yeye ni kijana wa benchi la Manchester City. Bao lake la kwanza la ligi kule Chelsea alilifunga Oktoba, kwa penalti, dhidi ya Burnley. Waliokuwa wakifuatilia waliona siku ile nani amekabidhiwa mpira na wakaandika ombi. Msimu ulipoisha alikuwa na mabao 22, 9 kati yake ya penalti, na pointi 244, akiongoza wachezaji wote wa mchezo.