Je, wajua kwa nini mtoto anaweza kusoma kila neno bila kukosea, kisha asijue alichosoma?

Mpwa wangu alikuwa Darasa la Pili. Tulikaa mkekani barazani, jua limeshapungua, kitabu chake cha shule kikiwa kati yetu. Akaweka kidole chini ya silabi ya kwanza, akaanza: "Ba-ba a-me-m-nu-nu-li-a Ju-ma vi-a-tu vi-pya." Hakuruka hata herufi moja, na ile "pya" ya mwisho, ambayo huwatatiza watoto wengi, aliitamka safi kabisa. Nikamuuliza, "Haya, nani amenunuliwa viatu?" Akaniangalia, akarudi kwenye ukurasa, akasoma tena kwa sauti ileile, kisha akajibu: "Vipya, mjomba."

Nilidhani hakuwa makini. Nikamwambia asome tena, na safari hii apaze sauti. Akapaza, akasoma vizuri zaidi, na jibu likabaki lilelile. Nilimaliza jioni ile nikiamini kwamba mtoto anajua kusoma ila ana uvivu wa kufikiri. Nilikosea pande zote mbili: hakuwa mvivu, na kusoma kwenyewe alikuwa bado hajakufikia.

Dhana niliyokuwa nayo wanayo wazazi wengi, na walimu pia, na haikutoka hewani. Kiswahili huandikwa kama kinavyotamkwa. Irabu ni tano, kila moja ina sauti yake isiyobadilika, na silabi karibu zote huishia na irabu. Mtoto akishamaliza ba be bi bo bu hadi za ze zi zo zu, anaweza kutamka neno ambalo hajawahi kuliona maishani. Wanaojifunza kwa Kiingereza hawana urahisi huo. Philip Seymour na wenzake, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2003, waliwalinganisha watoto waliokuwa wakianza kusoma katika lugha 13 za Ulaya. Walipokaribia kumaliza mwaka wa kwanza wa shule, watoto wa Ufini walisoma sawasawa takriban maneno 98 kati ya 100 ya kawaida. Wenzao wa Uskoti, waliosoma Kiingereza, walipata 34. Kifini, kama Kiswahili, huandikwa kinavyotamkwa.

Niliposoma habari hiyo kwa mara ya kwanza niliona imenipa haki: shida ya kusoma ni ya Waingereza, sisi tukishamaliza chati ya silabi kazi imekwisha. Sikuangalia watoto wale walipimwa nini. Walipewa orodha za maneno wayatamke, basi. Hakuna aliyewauliza hadithi inasemaje, kwa sababu hapakuwa na hadithi.

Na ushahidi wa nyumbani ulikuwepo. Uwezo, mpango wa upimaji unaowafuata watoto majumbani badala ya kuwasubiri shuleni, ulipima kusoma nchini Tanzania mwaka 2010 kwa kutumia hadithi fupi ya Kiswahili ya kiwango cha Darasa la Pili. Kati ya watoto wa Darasa la Tatu, walioweza kuisoma walikuwa takriban mmoja kati ya watatu. Hapa lazima niwe mwangalifu: wengi wa walioshindwa walikwama mapema kuliko mpwa wangu, kwenye silabi au kwenye neno moja moja, kwa hiyo takwimu hiyo haielezi tatizo lake. Inachoonyesha ni kwamba tahajia nyepesi haimfundishi mtoto kusoma yenyewe. Katie Alcock na Damaris Ngorosho, waliochunguza makosa ya tahajia ya watoto wanaoandika Kiswahili, walifikia mahali hapohapo mwaka 2003: hata lugha yenye tahajia ya kanuni si jambo dogo kujifunza kuiandika.

Tena hata ile imani kwamba Kiswahili hutamkwa bila kujua maana ina mpasuko. Soma: "Gari limeharibika barabara ya Segera." Sasa soma: "Kazi yake ameifanya barabara." Herufi ni zilezile, lakini mkazo umehama, na hakuna alama yoyote kwenye karatasi inayokuambia umehamia wapi. Ulitamka sawasawa kwa sababu ulikuwa umeshaelewa. Mtoto anayesubiri kumaliza kutamka ndipo aelewe, hapo atakwama.

Mwaka 1986 Philip Gough na William Tunmer walitoa maelezo ambayo hadi leo hutumika. Walisema kusoma kuna vitu viwili: kusimbua, yaani kugeuza maandishi kuwa sauti, na kuielewa lugha yenyewe inapozungumzwa. Uzuri wa hoja yao uko kwenye alama waliyoweka katikati. Hawakujumlisha, walizidisha. Ukijumlisha, mwenye mengi upande mmoja hufidia upungufu wa upande wa pili. Ukizidisha, sifuri ya upande mmoja hufanya jibu liwe sifuri. Mtoto wa kijijini ambaye nyumbani wanaongea Kisukuma au Kimasai, na Kiswahili amekikuta darasani, anaweza kusimbua ukurasa mzima asiambulie kitu, kwa kuwa maneno anayoyatamka hajawahi kuyasikia.

Lakini mpwa wangu amezaliwa ndani ya Kiswahili. "Baba amemnunulia Juma viatu vipya" ni sentensi ambayo ungemwambia akiwa anacheza barazani angeielewa bila kugeuka. Vitu vyote viwili alikuwa navyo. Kilichopungua ni nafasi ya kuvikutanisha.

Kumbukumbu ya muda, ile inayoshika jambo kwa sekunde chache wakati akili inalifanyia kazi, ni finyu kwa kila mtu, na kwa mtoto ni finyu zaidi. Chukua uzi wa kutungia shanga, lakini usiufunge fundo mwishoni. Ukitunga haraka utapata shanga tano, sita, uzikaze kabla hazijaponyoka. Ukitunga polepole, kila shanga ukiigeuzageuza kutafuta tundu, ya kwanza imeshaanguka sakafuni kabla ya nne haijaingia. Mpwa wangu alitunga kila shanga sawasawa. Swali langu lilipomfikia, kwenye uzi ilibaki moja tu: "vipya".

Kiswahili kinaongeza mzigo wake hapa, na sehemu hii ndiyo iliyonishangaza kuliko zote. Sentensi ile ina maneno matano, lakini silabi 16. Neno moja, "amemnunulia", limebeba mtenda, wakati, mtendewa, tendo lenyewe na habari kwamba limetendwa kwa ajili ya mtu. Anayesoma kwa silabi hukutana kwanza na a, me, m, vipande ambavyo peke yake havina kitu cha kushika, na lazima avibebe vyote mpaka tendo litokee. Afadhali "nunu", ambayo silabi mbili zinaifikisha nzima. Angalia "soma", "somea", "somo", "msomi". Mzizi wake ni "som", na "som" haimo katika chati yoyote ya silabi. Silabi huukata mzizi katikati: so, kisha ma, au me, au mo, au mi. Kisu kinachorahisisha kutamka ndicho kinachopita juu ya maana. Mtoto lazima siku moja aache kuona so na me, aanze kuona "someana", "hawajasomewa", "alichosoma", na katika yote atambue kitu kilekile.

Anafikaje huko? Marehemu bibi yangu alisuka ukili wa mkeka huku akisikiliza taarifa ya habari redioni, na ukimuuliza angekusimulia habari yote kwa mpangilio wake. Sisi watoto tulipojaribu, kila mwaa ulidai macho: huu unapita juu, huu chini, huu umelegea. Redio ilisema tusisikie. Bibi hakuwa na masikio kutuzidi. Mikono yake ilikuwa imeshaijua kazi, akili ikawa huru kwenda kwenye habari. Jicho la msomaji hupitia safari hiyohiyo. Neno ambalo mtoto amelitamka kwa jasho mara kadhaa, huku akijua maana yake, hufika siku likawa halitamkwi tena kwa vipande. Hulitambua kama anavyotambua uso wa jirani, bila kuhesabu macho na pua. David Share alieleza mwaka 1995 kwamba hivi ndivyo msomaji anavyojifundisha mwenyewe: kila neno geni analofaulu kulisimbua huacha alama yake, na alama hizo ndizo zinazompa wepesi.

Unaweza kupima nyumbani. Msomaji mzoefu anaposoma kwa sauti, macho yake yako mbele ya mdomo. Funika ukurasa ghafla kwa kiganja, ataendelea kutamka maneno mawili matatu ambayo ameshayaona. Mtoto anayesoma kwa silabi hunyamaza papo hapo, katikati ya neno. Nilimfanyia mpwa wangu kwenye "vi-a-tu". Akaishia "vi-a", akaniangalia kana kwamba nimemnyang'anya tonge.

Watafiti wamejaribu kuuweka wepesi huo kwenye namba. Helen Abadzi, mwanasaikolojia aliyefanya kazi Benki ya Dunia, amependekeza kwamba mtoto anahitaji kufikia maneno 45 hadi 60 kwa dakika ndipo aweze kuelewa anachosoma. Namba hiyo isipokelewe kama sheria. "Sitawasomea" ni neno moja kwetu. Mwingereza angeliandika kwa maneno sita. Na mwaka 2016 Benjamin Piper, Leila Schroeder na Barbara Trudell walionyesha jambo la ajabu kuhusu watoto wa Kenya: walisoma Kiingereza kwa kasi zaidi, ilhali waliielewa zaidi lugha yao ya nyumbani waliyoisoma polepole. Wepesi unafungua mlango, lakini ndani ya nyumba lazima pawe na lugha.

Shule zimeanza kulichukulia hili kwa uzito. Tanzania ilianza mwaka 2015 mtaala wa Darasa la Kwanza na la Pili unaoweka mbele KKK, yaani kusoma, kuandika na kuhesabu, na mwaka huohuo Kenya ikaanza Tusome, mpango wa kitaifa wa kufundisha kusoma, ambao mojawapo ya nguzo zake ilikuwa kila mtoto kuwa na kitabu chake badala ya vichwa vinne kugombea kimoja. Nguzo hiyo naiona ina uzito kuliko inavyosifiwa. Ukili haujifunzwi kwa kuchungulia bega la mwenzako.

Ila kitabu cha kiada peke yake hakitoshi, kwa sababu rahisi: maneno yake ni machache, na mtoto hakirudii kwa hiari. Mzazi huona mtoto anayetaka hadithi ileile kila siku anapoteza muda. Jessica Horst na wenzake, katika Chuo Kikuu cha Sussex, walilijaribu mwaka 2011. Watoto wa miaka mitatu waliosomewa hadithi zilezile walijifunza maneno mapya vizuri zaidi kuliko waliosomewa hadithi tofautitofauti, ingawa maneno hayo waliyasikia idadi ileile ya mara. Walikuwa watoto wachache, wa Uingereza, na walikuwa wakisikiliza, hawakuwa wakisoma. Siwezi kuvuta matokeo hayo moja kwa moja hadi kwenye madawati yetu. Kuhusu kusoma kwenyewe, jopo la kitaifa la Marekani lililopitia tafiti nyingi na kutoa ripoti mwaka 2000 lilikuta kwamba kusoma kwa sauti kwa kurudia, mtu mzima akiwa karibu na kusahihisha, kunaongeza wepesi na ufahamu. Kumwachia mtoto asome kimya peke yake hawakukuta ushahidi wa kutosha, wa kukubali wala wa kukataa.

Hapo ndipo raha inapoingia, na sisemi raha kama peremende ya baada ya kazi. Kurudia ndiyo kazi, na hakuna mtoto atakayerudia mara kumi sentensi ya viatu vya Juma. Hadithi ya mbuzi mwizi atairudia.

Kwa hiyo nilibadilisha. Nikatafuta kitabu chembamba cha hadithi: mbuzi ameingia dukani, amekula unga wote, na mwenye duka anawahoji wanyama mmoja mmoja. Siku ya kwanza nilimsomea mimi, yeye akasikiliza tu. Siku ya pili tulisoma pamoja. Baadaye akasoma yeye, na nikaacha kumwambia apaze sauti. Nilimuuliza tu mbuzi yuko wapi sasa, na kwa nini kuku anaogopa. Kuna majuma alichoka, tukaacha. Kisha akakifuata mwenyewe.

Jioni moja, juma la tano au la sita, alikuwa amefika ukurasa wa mwisho. Mwenye duka anamkazia mbuzi macho na kumuuliza kama ameuona unga. Mpwa wangu alisoma, "Mbuzi akatikisa kichwa, kisha...", akaangua kicheko, akashika tumbo, akashindwa kuendelea. Sentensi haijamaliza kutoka mdomoni. Ilibidi angoje kicheko kiishe ndipo anisomee maneno yaliyobaki: "akapiga chafya."