Mchicha ni Uleule, Badilisha Zamu

Ninapokwenda kumtembelea mama nyumbani kwake, Mbagala au Tandale hapa Dar es Salaam, siulizi kwanza anapika nini. Natazama anaanza na nini. Kazi yangu ni ushauri wa lishe, na mara nyingi nakuta chakula chenyewe hakina kasoro. Kasoro iko kwenye zamu: kipi kimetangulia na kipi kimefuata.

Mchicha ndio mfano nisiochoka kuutoa. Fungu linachambuliwa, linakatwakatwa, halafu ndipo linaoshwa, tena maji matatu kwa sababu ya mchanga. Kisha linatokoswa, na yale maji ya kijani yanamwagwa. Vitamini C na foleti, mojawapo ya vitamini B, huyeyuka kwenye maji, kwa hiyo sehemu kubwa ya ulichonunua sokoni imekwenda na maji hayo. Osha majani yakiwa mazima, yakate dakika ya mwisho. Kaanga kitunguu na nyanya, tia mchicha na unyevu wake, funika kidogo, epua ungali wa kijani. Mafuta kiasi au tui lisikosekane, maana bila mafuta mwili huchukua kwa shida ile karotini unayoigeuza kuwa vitamini A. Ila kisamvu tafadhali usikifanyie hivi! Majani ya muhogo yana sumu, lazima yatwangwe na yachemke sana.

Maharage loweka tangu usiku, mwaga maji hayo, chemsha kwa maji mapya. Mkaa utaona unavyobaki. Ukishapakua, kamulia ndimu kwenye sahani, si kwenye sufuria iliyo motoni, kwani vitamini C haivumilii moto, na ndiyo inayousaidia mwili kuchukua madini ya chuma yaliyo kwenye maharage. Chai isubiri kama saa moja baada ya kula, kwa kuwa huyazuia madini hayohayo. Kwa mjamzito saa hiyo moja naisisitiza kabisa.

Chumvi iwe ya mwisho. Madini joto yaliyotiwa humo hupungua yakichemka muda mrefu, na ukionja chakula kikiwa kimeshaiva utagundua kinahitaji chumvi kidogo kuliko ulivyodhani. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asifikishe gramu 5 kwa siku, yaani kama kijiko kimoja cha chai, kwa milo yote. Kwa hiyo acha kutia kwa kiganja, weka kijiko ndani ya kopo la chumvi. Na kama umetia viungo vya pakiti, onja kwanza, kwa sababu vingi vina chumvi tayari.

Kinachonitia wasiwasi zaidi ni wali wa kiporo. Kwa joto la Dar, sufuria ikilala mezani hadi asubuhi, bakteria walionusurika kwenye mchemko huamka na kuzaliana, na sumu wanayoitoa haiondoki hata ukipasha wali mpaka utoe moshi. Wengi huweka akiba baada ya kula, tena wakikumbuka. Mimi nasema pakua cha kesho kabla hamjala cha leo: kitandaze kwenye sinia kipoe upesi, kiingie kwenye friji kabla ya saa mbili kupita tangu kuiva. Kama huna friji, pika cha kwisha usiku huohuo, na asubuhi bandika viazi vitamu, vitaiva watoto wakivaa sare.