Mgeni njoo, mwenyeji apone: dhana potofu kuhusu matembezi ya Zanzibar

Anayekuja Zanzibar kupumzika, awe ametoka Nairobi, Mwanza au Milano, kwa kawaida hana nia mbaya. Madhara mengi yanatokana na mambo ambayo wageni wanayaamini na hakuna anayewasahihisha, kwa kuwa kila mfanyabiashara anaogopa kumuudhi mteja. Ukimya huo unaiumiza pwani.

Dhana: Kumtoa kiti cha pweza, yule mnyama wa baharini mwenye umbo la nyota, majini kidogo tu, apigwe picha, hakumdhuru.

Ukweli: Kiti cha pweza hana mapafu. Anapumua kupitia ngozi na vijiguu laini vilivyo chini ya mikono yake, na hewa yake imo majini. Ukimwinua tu, ameshaanza kukosa pumzi. Tena si wewe peke yako: boti nyingine inakuja nyuma yenu, na mnyama ni yule yule, anapitishwa mkono kwa mkono chini ya jua kali. Vaa miwani ya kuogelea umtazame hapo hapo alipo.

Dhana: Maji yakitoka, ufuo wote ni uwanja wa wazi.

Ukweli: Paje na Jambiani maji yakitoka yanafunua mashamba. Vigingi vilivyopangwa kwa safu, na kamba zenye mafungu ya mwani, ni mali ya mtu, na mara nyingi mtu huyo ni mwanamke. Kilimo hiki cha biashara kilianza mwaka 1989, na kimesomesha watoto wengi wa vijiji hivyo. Siku hizi kina mtihani: kotonii, mwani wenye bei nzuri, unakufa bahari ikizidi joto. Mkulima anainama maji yakimfika magotini, anafunga mche mmoja mmoja kwa tai-tai, yaani vikamba vyembamba, huku akiwahi kabla maji hayajajaa. Wewe ukikatiza katikati ya safu zake, unakanyaga miche na kulegeza vigingi. Pita pembeni, toa salamu, na kama unataka picha, muombe kwanza. Akikataa, mshukuru uendelee na safari yako. Hakuja pale kupamba picha za mtu.

Dhana: Kuwagawia watoto pipi na hela ufukweni ni ukarimu.

Ukweli: Mtoto anajifunza kwamba ufukwe unalipa kuliko darasa. Kama una cha kutoa, nenda shuleni ukamuulize mwalimu mkuu kinachohitajika.

Dhana: Ukishalipia hoteli kila kitu, chakula na vinywaji, umewanufaisha wenyeji.

Ukweli: Kodi na mishahara ipo, hilo halina ubishi. Lakini sehemu kubwa ya malipo yaliyofanyika nje hubaki huko kwa wakala, shirika la ndege na mara nyingi mwenye hoteli. Mgeni asiyetoka getini hamfikii muuza madafu, wala mama mwenye mgahawa wa kijijini. Kula nje siku kadhaa, na ukodi mwongoza watalii mwenye kibali. Wapo pia waliojenga biashara yenyewe juu ya hifadhi: kisiwani Chumbe, ambako uvuvi ulizuiwa kwenye mwamba mwaka 1994, nyumba za wageni zinatumia maji ya mvua na umeme wa jua, vyoo ni vya mboji, na baadhi ya waliokuwa wavuvi wakawa walinzi wa matumbawe.

Dhana: Pomboo wanafurahia kuogelea na watu.

Ukweli: Zamani pomboo wa Kizimkazi waliwindwa wawe chambo cha papa. Utalii uliwapa wavuvi sababu ya kuwaacha hai, na hilo ni jema kabisa. Tatizo ni boti zinazowazingira na watu wanaowarukia kwa vishindo, kwa sababu pomboo wanahitaji saa za kupumzika na kunyonyesha. Nahodha anawafukuza akidhani mteja asipowaona kwa karibu atalalamika. Basi zungumza naye kabla hamjang'oa nanga: asiwakatie njia, apunguze mwendo mapema, na kundi likiondoka aliache liende. Mkirudi salama bila kuwasumbua, mpe bakshishi nzuri na umwambie ni ya nini.