Je, wajua kwa nini redio ya gari la Japani hugota kwenye 90?

Aliyeniuzia gari aliniapia kwamba redio ni nzima. Nikaliwasha pale pale yadini. Skrini ikawaka, sauti ya mwanamke ikasema jambo refu kwa Kijapani, kisha spika zikaanza kukoroma. Nikazungusha kitufe: 86, 87, 88, hapo muziki ukaingia, 89, 90. Halafu namba zikarudi 76. Nikazungusha tena. 90, kisha 76.

Kwa mkazi wa Dar es Salaam hiyo maana yake ni kwamba Wasafi utaipata kwenye 88.9 na Radio One kwenye 89.5, lakini EFM ya 93.7 au Times FM ya 100.5 utaishia kuisikia kwenye gari la jirani mkiwa foleni. Nilimlaani yule muuzaji wiki nzima. Kumbe alisema kweli. Redio haikuwa na ubovu wowote, ila ilitengenezwa kwa ajili ya anga la nchi nyingine.

Sehemu kubwa ya dunia, sisi tukiwemo, hurusha matangazo ya FM kati ya megahezi 87.5 na 108. Japani walijipangia vyao, wakaiweka FM kati ya 76 na 90. NHK FM ya Tokyo iko 82.5, Tokyo FM iko 80.0. Na kwa nini waligota kwenye 90? Kwa sababu juu ya hapo palikuwa na mpangaji mwingine: televisheni. Chaneli ya 1 ilikaa 90 hadi 96, ya 2 ikakaa 96 hadi 102, ya 3 ikamalizia hadi 108. Zilikuwepo redio za mkononi zilizouzwa Japani zikiwa zimeandikwa FM upande mmoja na TV 1 hadi 3 upande wa pili, ili mtu asikilize sauti ya televisheni akiwa jikoni bila kuiona picha. Kwa hiyo fundi aliyebuni redio ya gari hakuwa na sababu ya kuvuka 90. Angevuka, dereva angeishia kusikiliza tamthilia asiyoiona.

Televisheni ya analojia ilizimwa Japani Julai 2011, isipokuwa mikoa mitatu iliyopigwa na tetemeko na tsunami mwaka huo, ambayo ilisubiri hadi Machi 2012. Nafasi ikabaki wazi. Kuanzia mwishoni mwa 2014, vituo vya AM vikaanza kurusha matangazo yao pia kwenye FM kati ya 90 na 95, ili visikike vizuri mijini kwenye maghorofa na visinyamaze maafa yakitokea. Ndiyo maana ukinunua gari la miaka ya karibuni unaweza kukuta redio inavuka 90 bila kulazimishwa. La zamani kidogo, sahau.

Sasa piga hesabu. Masafa yetu na yao yanakutana kati ya 87.5 na 90 tu, megahezi mbili na nusu katika ishirini na nusu tulizo nazo. Kinachobaki ndicho kinachowalisha mafundi redio.

Fundi huchomoa redio kwenye dashibodi, anachukua kidude kidogo kama kiberiti, anakichomeka kati ya waya wa antena na redio, waya mwekundu anaupeleka kwenye umeme unaokuja ukiwasha switchi, mweusi kwenye bodi. Wengi hukiita busta, jina la kupotosha kidogo, maana hakiongezi nguvu ya kitu. Kazi yake ni kutoa. Kikiwa cha 20, kinachukua kila kinachoingia kwenye antena na kukipunguzia megahezi 20. Times FM ya 100.5 inashuka hadi 80.5, redio inaiona, unaisikia. Ukiwa Nairobi, Capital FM ya 98.4 utaitafuta kwenye 78.4. Namba kwenye skrini zinakuwa za uongo na unazizoea.

Hapo ndipo wengi wanapodhani wameibiwa tena. Toa 20 kwenye 93.7 ya EFM: unapata 73.7, chini ya mahali redio inapoanzia. Haipo. Unarudi kwa fundi, anakuwekea kidude cha 12. EFM sasa iko 81.7, safi kabisa, lakini kila kilicho juu ya 102 kimepotea. Na wala si uzembe wa fundi. Redio yako ina upana wa megahezi 14, matangazo yetu yana upana wa zaidi ya 20. Kitenge cha yadi tatu hakifuniki kitanda cha yadi nne, hata ukikivuta vipi.

Kuna na kero ya pili, ambayo fundi wangu hakunieleza mpaka nilipomuuliza. Vidude vya bei nafuu huvujisha. Ukiwa na cha 12, ile 100.5 inashushwa hadi 88.5, na hapa Dar 88.5 tayari ina mwenyewe, Clouds FM. Matokeo yake watangazaji wawili wanaongea kwa pamoja kwenye spika zako, mmoja mpira, mwingine mapenzi. Ukitaka amani, ng'oa redio yote uweke nyingine. Mimi bado nasikiliza simu kupitia waya.

Ukishalielewa hili la redio, kero nyingine za magari haya zinaanza kujieleza zenyewe. Ile ya kuwasha waipa kila unapotaka kukata kona, kwa mfano. Humpata mtu aliyezoea gari la Ulaya akapanda la Japani. Ulaya, hata Uingereza ambako usukani uko kulia kama kwetu, mkono wa indiketa huwa kushoto. Japani kwa magari ya kwao wameuacha kulia. Ukiwa na gari la gia za mkono utaona mantiki yake: mkono wa kushoto unahangaika na gia, wa kulia uko huru kuonyesha ishara. Kampuni hizo hizo zikitengeneza gari la kupeleka Ulaya huuhamishia kushoto.

Au kile kioo kidogo kinachochomoza juu ya tairi la mbele la kushoto kwenye magari marefu, kama Prado. Huku tunakicheka, bodaboda wanakigonga, wenye magari wengine wanakikata wakidai kinaharibu sura ya gari. Kanuni za usalama za Japani zinamtaka dereva aweze kuona, kwa macho, kwa kioo au kwa kamera, kitu chenye kimo cha mita 1 na unene wa sentimita 30 kilichosimama karibu kabisa na pua ya gari au ubavuni kushoto. Vipimo hivyo havikuokotwa. Ni mtoto wa miaka sita. Tangu nijue hilo, nikitoka getini kwetu, ambako watoto wa jirani hucheza mpira hadi magharibi, nakitazama kile kioo kwanza. Kwa maoni yangu sisi ndio tulipaswa kukidai.

Si kila kitu nitakitetea, lakini. Baadhi ya redio zenye ramani hukaa na kadi ndogo ya kumbukumbu ndani. Mwenye gari anaiona, anajua ramani ya Japani haimsaidii kufika Mbagala, anaitoa aitumie kwenye simu. Miezi inapita. Siku betri ya gari inapokufa na kubadilishwa, skrini inagoma, inadai kadi au namba ya siri, kwa Kijapani. Nia ilikuwa kumkomoa mwizi. Anayekomolewa ni mtu wa tatu kulimiliki gari, bahari nzima mbali na wanaojua hiyo namba. Hiyo naiita kasoro. Aliyeibuni alijua betri zinakufa na magari yanauzwa.

Imebaki ile sauti ya mwanamke. Kila ukiwasha: "ETC kādo ga sōnyū sarete imasen." Shangazi yangu, ambaye nampeleka kliniki kila mwezi, alikuwa akinigombeza. "Gari linakusalimia, mwanangu, huitikii?" Nilikuwa namwambia ni shikamoo ya kwao.

Si salamu. ETC ni mfumo wa kulipia barabara za kasi nchini Japani, ulioanza kutumika mwaka 2001. Dereva anaweka kadi kwenye kisanduku kidogo ndani ya gari, akikaribia geti anapunguza mwendo hadi kilomita 20 kwa saa, kifaa kinasomana na geti, kizuizi kinanyanyuka, deni linakwenda benki. Akisahau kadi atakikuta kizuizi kimelala mbele yake na malori nyuma, kwa hiyo gari linamkumbusha kabla hajatoka nyumbani: kadi haijawekwa. Gari langu limekuwa likinikumbusha kadi hiyo kila asubuhi kwa miaka minne, kwenye njia ya Kigamboni.

Kisanduku chenyewe mara nyingi kimejificha chini ya usukani au kwenye droo ya dashibodi. Fundi umeme alikipapasa, akachomoa soketi moja, kazi ya dakika tano. Mwezi uliofuata nikamfuata shangazi. Nikawasha gari, kimya. Akafunga mkanda, akasubiri, akanigeukia.

"Leo halijakusalimia. Mmegombana?"