Mteja mmoja, wataalamu watatu

Naulizwa sana ni nadharia ipi ya haiba, yaani ya kinachomfanya mtu awe alivyo, ndo ya kweli. Huwa napenda kujibu kwa kuelezea filamu ya 1965 kule Marekani, mwanasaikolojia Everett Shostrom alimrekodi mama mmoja aliyetalikiwa akiongea kwa zamu na wataalamu watatu wakubwa wa enzi hizo. Binti yake alikuwa amemuuliza kama ameshalala na mwanaume tangu aachane na baba yake, akamjibu hapana, kumbe alidanganya, na sasa dhamiri inamsuta.

Akaanza na Carl Rogers. Kwa Rogers kila binadamu ana msukumo wa kukua, kinachomkwaza ni kupendwa kwa masharti, yaani ukiwa hivi tutakupenda ukiwa vile hatukutaki, basi mtu anazificha sehemu zake mpaka mwenyewe hajitambui. Kwahiyo mama anambana, jamani nimwambie mwanangu au nisimwambie? Rogers hatoi jibu, anamsikiliza na kumrudishia anachohisi mpaka mama anaanza kujisikia mwenyewe. Mwishoni mama anasema angetamani kuwa na baba kama yeye, na Rogers anamwambia naye anamwona ni binti mzuri tu. Mfuasi wa Freud, yule aliyetafuta chanzo cha matatizo utotoni, angeshika hapohapo, angetaka kujua kuhusu baba mzazi!

Fritz Perls ni mwingine kabisa. Mjerumani, alianza kwa kufuata mafundisho ya Freud, akaishi Johannesburg miaka kadhaa kabla ya kuhamia Marekani. Kwake sisi ni vipande vipande, tulivyovikataa vinajitokeza mwilini sasa hivi ukiangalia vizuri. Mama anasema naogopa huku anatabasamu, Perls anamwambia unajifanya. Mama akawaka, na ndicho Perls alichokuwa anakitafuta.

Albert Ellis yeye anaongea haraka mpaka unamwonea huruma mama wa watu. Ila hoja yake ina nguvu: kinachokuumiza sio tukio lenyewe, ni imani yako kuhusu hilo tukio, mfano "huyu mwanaume akinikataa basi mimi sio kitu".

Mama alipoulizwa baadaye nani angemfaa zaidi akamtaja Perls. Lakini miaka ilivyoenda alikuja kuumizwa na kumbukumbu ya Perls, na aliyeendelea kuandikiana naye barua ni Rogers, mpaka mama huyo alipofariki 1979.

Mimi kazini kwenye ushauri nachanganya nadharia hizi, na sioni aibu. Naanza na Rogers kwasababu mtu asipokuamini hata mbinu nzuri haishiki, ingawa wateja wetu wengi wanakuja wakitaka uwaambie cha kufanya, ukikaa kimya sana anaona amelipa hela bure. Mwenye sonona au wasiwasi namvuta kwa Ellis na mwenzake wa mtazamo huohuo, daktari Aaron Beck, tunaandika yale mawazo yanayomjia yenyewe alafu tunayahoji moja moja, hii imefanyiwa utafiti mwingi kuliko zote. Kwa Perls nachukua kiti kitupu tu: aliyefiwa na baba ambaye yeye hakuwahi kuthubutu kumjibu hata neno moja, anakiambia kiti yale aliyoyameza miaka yote, na hapo machozi huwa hayako mbali. Ule ubabe wake hapana. Mama wa kwetu aliyefundishwa kutabasamu mbele ya mtu kama heshima, ukimwambia unajifanya hautamuona tena.

Ambao hawakuwepo kwenye filamu ni watu wa tabia, wanaosema haiba kwa sehemu kubwa ni mambo uliyojifunza na unaweza kuyajifunza upya. Joseph Wolpe wa Afrika Kusini aliandika 1958 jinsi ya kumzoesha mtu hofu yake kidogo kidogo huku mwili umetulia. Kwahiyo ukija kwangu unaogopa lifti, habari za utoto wako zitasubiri, tunaanza kwa kusimama mlangoni tu, kesho tunaingia mlango ukiwa wazi, tukizoea ndo tunapanda ghorofa moja.