Kontrola ya Pampu ya Mafuta: Maneno ya Gerejini na Ukweli Wake

Pita gereji yoyote ya Nakuru Jumamosi mchana, hukosi kuona Subaru imefunguliwa buti, plastiki ya ubavuni imetolewa, na vijana wawili watatu wameinamia kisanduku kidogo cha chuma chenye soketi moja. Hicho ndicho kontrola ya pampu ya mafuta, kinachoongoza umeme unaoenda kwenye pampu ya petroli. Siku hizi kinauzwa kama dawa ya kila ugonjwa: gari zito, gari linalokohoa, gari ambalo mwenyewe amelichoka tu. Mengi yanayosemwa juu yake hayana msingi, na machache yana ukweli nusu. Hayo ya nusu ndiyo yanayoua injini.

"Weka kontrola kubwa, gari litaongeza nguvu"

Haliongezi. Nguvu inatokana na hewa inayoingia kwenye silinda pamoja na petroli ya kuilinganisha. Gari likienda kwa utulivu, ni kama kilo 14.7 za hewa kwa kilo moja ya petroli. Injini ya tabo (kifaa kinachoisukumia injini hewa zaidi) ikikanyagwa hadi mwisho, hewa inashuka hadi kilo 11 au 12. Kompyuta ya gari ndiyo inayopima hewa na kuamua injekta, zile zinazopuliza petroli, zikae wazi kwa muda gani. Pampu na kontrola yake zina kazi moja: presha ya mafuta isishuke. Kama haikuwa ikishuka, umenunua kisanduku.

Na hapa kwetu kuna jambo ambalo wauzaji hawalitaji. Nakuru iko karibu mita 1,850 juu ya usawa wa bahari, na presha ya hewa ni kama nne kwa tano ya ile ya Mombasa. Gari lisilo na tabo linavuta hewa pungufu, kwa hiyo linahitaji petroli pungufu. Demio ambayo pampu yake ilitosha kule pwani, hapa pampu hiyohiyo ina akiba. Kisumu, kwenye mita 1,130 hivi, upungufu ni mdogo zaidi lakini upo. Gari likichoka kupanda kutoka Salgaa kwenda Mau Summit, laumu kwanza mlima na hewa nyepesi.

"Pampu ya lita 255 kwa saa lazima iende na kontrola mpya"

Hapa kuna ukweli nusu. Kontrola nyingi za kiwandani hazifanyi jambo la ajabu: zinapunguza umeme wa pampu injini ikiwa haina kazi nzito. Subaru WRX kadhaa zina hatua tatu, asilimia 33, 67 na 100, kwa kuwasha na kuzima umeme haraka haraka. Toyota Supra ya injini ya 2JZ-GTE inapeleka volti chache injini ikifanya kazi nyepesi, halafu volti kamili ukikanyaga.

Kinachochosha kontrola ni amperi, wala si lita. Pampu za lita 255 kwa saa mara nyingi hubebwa na kontrola ya kiwandani bila matata. Zile za lita 450 zinaweza kupita amperi 15 presha ikipanda, na hapo kisanduku kinaanza kuchemka. Soma jedwali la mtengenezaji wa pampu kabla ya kumsikiliza mwenye duka.

Fanya hesabu pia. Injini ya tabo yenye nguvu ya farasi 300 hutumia takriban lita 110 kwa saa ikiwa imekanyagwa kabisa. Zile lita 255 hupimwa kwenye presha ya baa 3 hivi. Tabo ikisukuma baa 1, regyuleta (kifaa kinachosawazisha presha ya mafuta) inaipandisha hadi baa 4, na pampu inatoa kidogo kuliko ilivyoandikwa. Hata hivyo nafasi bado ni kubwa. Wengi wanaotafuta pampu ya 450 hapa mjini wana magari ambayo hayajafika farasi 250.

"Achana na kontrola, piga waya moja kwa moja kutoka betri"

Huu ndio ushauri unaopendwa kuliko yote, na una faida ya kweli. Waya za kiwandani ni nyembamba. Peleka amperi 15 kwenye waya wa milimita moja ya mraba wenye urefu wa mita tano, unapoteza volti 1.3 njiani, na bado hujahesabu upande wa athi, yaani waya wa kurudishia umeme kwenye chuma cha gari. Kwenye waya wa milimita nne za mraba upotevu unashuka hadi kama volti 0.3. Pampu ni mota. Volti zikipungua, mafuta yanapungua.

Shida ni namna inavyofanywa. Injini ikinguruma bila kukanyagwa inahitaji lita moja au mbili kwa saa. Pampu kubwa ikizungushwa kwa nguvu zote muda wote, mafuta yaliyobaki yanarudi kwenye tangi yakiwa ya moto, na bomba la kurudishia likiwa jembamba, regyuleta inashindwa kuyapitisha. Presha inapanda pale ambapo haitakiwi: plagi nyeusi, moshi mweusi, petroli inaisha, na pengine msimbo wa hitilafu P0230 kwenye mashine ya kupimia kwa sababu kompyuta haioni tena saketi yake.

Baya kuliko hayo ni swichi ya dashibodi. Kwa kawaida injini ikizima, kompyuta inakata pampu. Ukiifunga kwenye swichi yako, gari likipinduka na bomba kukatika, pampu inaendelea kumwaga petroli. Anayetumia barabara ya Nakuru–Eldoret hahitaji kuelezwa zaidi.

Njia salama ni waya mnene kutoka betri, fyuzi karibu kabisa na betri (siyo kule nyuma kwenye buti, maana waya wote ulio kabla ya fyuzi hauna ulinzi), halafu rilei (swichi inayowashwa kwa umeme mdogo) inayoamriwa na saketi ya pampu ya kiwandani. Athi nayo iwe nene, kwenye chuma kilichokwanguliwa rangi. Na amri ya rilei isitoke kwenye waya unaoenda kwenye pampu baada ya kontrola. Umeme huo unakatwakatwa mara nyingi kwa sekunde, rilei ya kawaida haiwezi kuufuata. Utaisikia ikilia tak-tak-tak chini ya plastiki, na kabla ya muda mrefu ncha zake zimeungua. Chukua amri kabla ya kontrola, au tumia rilei ya kielektroniki iliyoundwa kwa kazi hiyo.

"Kontrola ndiyo inayoua pampu"

Mara nyingi muuaji ni mwenye gari. Pampu inapozwa na petroli inayoizunguka. Anayeweka ya mia tano kila asubuhi na kutembea na taa ya njano wiki nzima anaichemsha, na kwenye kona za mlimani inavuta hewa. Injini kugonga nako si lazima iwe pampu: petroli iliyochanganywa na mafuta ya taa inagonga hata presha ikiwa sawa. Ni kwa ajili ya mchezo huo serikali iliweka tozo ya shilingi 18 kwa lita ya mafuta ya taa mwaka 2018.

"Fundi mzuri anajua kwa kusikiliza"

Mwambie alete geji ya presha na mita. Injini ikifanya kazi nzito, si gari likiwa limeegeshwa, presha ikishuka na volti kwenye soketi ya pampu zikishuka pamoja nayo, tafuta waya, athi au kontrola. Volti zikisimama na presha ikaanguka, angalia pampu au filta. Presha ikisimama lakini injekta ziko wazi zaidi ya asilimia 85 ya muda, injekta ndizo ndogo.

Mawili ya haraka. Subaru za injini ya FA20 yenye tabo zina pampu ya pili, ya presha ya juu, inayozungushwa na injini yenyewe; kubadilisha ile ya tangini hakuiongezei hii uwezo. Na pampu zisizo na brashi (vipande vya kaboni vinavyopeleka umeme ndani ya mota) haziwaki kwa kupigwa volti 12 moja kwa moja, hivyo kwa hizo kontrola yake ni sehemu ya pampu, na inunuliwe pamoja nayo.